Betri Juu ya Kigoda

Nyumbani kwetu Didia tulikuwa na vigoda vitatu. Kimoja cha mama mkwe wangu, kimoja cha mgeni, na cha tatu, kwa muda wa miaka minne, kilikaliwa na betri ya pikipiki. Wala haikuwa betri inayofanya kazi. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama zilivyofunikwa redio za zamani. Mimi nikirudi kutoka kazini miguu inawaka moto, nilikaa ukingoni mwa kitanda au juu ya gunia la mpunga. Betri ilikaa vizuri kuliko mimi.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Nimezaliwa Ushirombo, nikaolewa Didia, na kazi yangu hainiruhusu kukosa pikipiki, maana mara kadhaa kwa mwezi nabeba kisanduku cha chanjo na kuwafuata watoto kwenye vitongoji vilivyo mbali na zahanati. Wakati huo, kuhusu betri nilijua jambo moja tu: ukibonyeza kitufe, pikipiki inawaka. Isipowaka, unamwita mume.

Mume ndiye aliyezileta betri. Alizinunua mbili siku moja, mjini Shinyanga, wiki moja kabla ya kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Moja akaifunga kwenye pikipiki, ya pili akaiacha kwenye boksi. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa tayari mgongoni, alitusimamisha uani, mimi na mama yake, akatupa maelekezo kama mwalimu wa zamu.

"Hii iliyofungwa itawafikisha miaka miwili, hata mitatu. Hiyo ya akiba msiifungue. Hiyo nitaifungua mwenyewe nikirudi."

Mama yake aliitikia kabla yangu. Alisema sawa, haitafunguliwa, na kwa namna alivyosema nilijua nimeshafungwa na mimi. Tangu siku ile betri ya akiba haikuwa tena mali ya pikipiki. Ilikuwa neno la mtu aliyeondoka. Kuifungua kungekuwa sawa na kusema hadharani kwamba harudi.

Betri ya namna hiyo huuzwa kavu. Mabamba yake ya risasi yamo ndani, lakini kimiminika chake kiko pembeni, kwenye chupa ya plastiki. Maadamu hujaitia, haifanyi kazi na haichakai. Inakaa tu. Ukishaitia, huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Kuanzia hapo ama uitumie ama ijifie yenyewe. Ubavuni ina kimrija chenye kizibo chekundu cha mpira, na mume wangu alikionyesha kwa kidole mara mbili: hicho kisitolewe, ndicho kinachozuia hewa isiingie. Betri isikae juani, isikae karibu na jiko, isilowe. Chupa isimame wima na isikae na nguo. Niliitia chupa ndani ya ndoo, nikaisukuma chini ya kitanda changu, nikawa nalala juu yake.

Kigoda kilikuwa wazo la mama mkwe. Ni mama wa miaka sabini na kitu, amelima pamba maisha yake yote, na Kiswahili anakizungumza pale tu Kisukuma kinaposhindwa kumfikisha. Alikuja siku ya pili kutoka nyumba yake ndogo ya uani, akaikuta betri sakafuni, akashika kiuno.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "betili haikai chini. Aldhi itainywa."

Nilitaka kumwambia kwamba betri kavu haina cha kunywewa. Lakini nimejifunza katika ndoa hii kwamba mabishano mengine yanachosha kuliko kukosa kigoda. Akaiweka juu, akaleta kitambaa, na kila Jumamosi alipita kuipangusa vumbi huku akiimba kidogo. Wageni wakiuliza ni nini, alijibu kwamba ni kitu cha mwanawe, anakuja kukifungua.

Mwaka wa kwanza mume alipiga simu kila wiki. Wachimbaji shimo lao wanaliita duara, ingawa sijaona uduara wowote, na habari za duara lao nilizijua kuliko habari za wagonjwa wangu. Wamefika kwenye mwamba. Mwamba umepotea. Maji yamejaa, wanasubiri pampu. Pampu imekuja, wamebakiza kidogo tu. Hiyo "kidogo tu" niliisikia mpaka masikio yakaota sugu.

Mwaka wa pili nilimfuata. Nilipanda basi mpaka Kahama, nikapanda jingine, nikafika Nyarugusu nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nakiri kwamba sikwenda kumsalimia. Nilikwenda kuchunguza. Niliingia katika kibanda chake cha turubai macho yakizunguka kama ya askari, nikitafuta kanga ya mwanamke, chupa ya mafuta, hata kipande cha sabuni ya kunukia. Nikakuta sahani moja, kikombe kimoja, jamvi moja la mtu mmoja. Nilikaa chini nikajisikia mnyonge kuliko kama ningeikuta hiyo kanga. Kanga ningejua la kuifanyia. Lakini mtu ambaye harudi kwa sababu anaona aibu kurudi mikono mitupu, huyo unamfanyia nini?

Alikuwa amekonda, amenawa miguu kwa ajili yangu. Tulikula ugali na dagaa kwa mama ntilie. Akauliza habari za mama. Akauliza habari za binti yetu, ambaye anasoma mjini na kukaa kwa dada yangu huko Ngokolo. Halafu akaweka tonge chini.

"Na ile betri?"

"Ipo."

"Hujaifungua?"

"Sijaifungua."

"Safi sana," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilitaka kummwagia mchuzi. Mabasi mawili, vumbi lile lote, na kilichomfurahisha ni kwamba kuna kitu kwetu kimebaki kama alivyokiacha. Alinisindikiza stendi akisema atakuja baada ya mavuno. Hakusema mavuno ya nini. Niliporudi Didia, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama nyuma yangu, kama kwamba mtu mwingine bado anashuka. Nikamwambia anakuja.

Betri iliyofungwa ilianza kudhoofika mwaka wa tatu. Ukibonyeza kitufe asubuhi, pikipiki inaguna kama mtu anayeamshwa na hataki, kisha kimya. Honi ikawa na sauti ya kuku mwenye mafua. Nikampigia mume.

"Fungua ubavuni," akasema. "Utaona mistari miwili kwenye betri. Maji yakiwa chini ya mstari wa chini, iongeze maji."

"Maji gani?"

"Maji ya betri, mama! Maji gani tena?"

Mtandao ukakata, au aliukata yeye, sijui. Nikatazama betri, kweli, maji yalikuwa chini ya mstari. Sasa, maji ya betri nyumbani mwangu yalikuwa wapi? Hapakuwa na la kufikiria. Yalikuwa chini ya kitanda, ndani ya ndoo, miaka mitatu nalala juu yake. Hata mama mkwe nikiisogeza ile ndoo wakati wa kufagia alikuwa akiniuliza, "Hiyo minzi ya betili bado ipo?" Minzi ni maji kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili maji, kwa Kisukuma maji, kwa simu ya mume maji. Mimi ambaye lebo ya dawa naisoma mara tatu kabla ya kumpa mtoto tone moja, sikusoma kilichoandikwa kwenye ile chupa. Nilijaza vyumba vyote sita mpaka kwenye mstari wa juu, taratibu, kwa mkono wa muuguzi, bila kumwaga tone.

Ikapona! Asubuhi yake kitufe kiliitika mara moja, taa ikang'aa, honi ikafukuza mbuzi. Nilijisifu kwa mume kwenye simu, nikajisifu zahanati. Kwa muda kama wa mwezi nilikuwa fundi. Halafu asubuhi moja nikabonyeza, hapakuwa hata na ile kuguna. Nikaikokota mpaka kwa fundi pale senta, mzee mmoja wa makamo ambaye mke wake nilimzalisha watoto wawili, kwa hiyo haniogopi hata kidogo.

Alichungulia ndani ya betri, akainua uso.

"Daktari, uliitia nini hii?" Kijijini kila anayevaa nyeupe ni daktari.

"Maji ya betri."

"Yapi?"

"Kwani yako mangapi?"

Akaingia ndani, akatoka na chupa mbili, akaziweka mbele yangu juu ya benchi. Akanifundisha taratibu, kama mimi ninavyowafundisha kina mama uji wa lishe. Hii ni tindikali. Inaingia kwenye betri mara moja tu, siku ya kuiamsha. Hii nyingine ni maji yaliyosafishwa, na ndiyo ya kuongeza siku zote, maana kinachopungua kwenye betri ni maji. Tindikali yenyewe haiendi popote. Zote mbili watu wanaziita maji ya betri, na fundi anayesema "ongeza maji" anadhani kila mtu anajua ni yapi.

"Wewe umeongeza makali juu ya makali," akasema. "Ndiyo maana ikafufuka. Ilikuwa inaliwa kwa ndani. Angekuwa mgonjwa wako, tungekuwa tumeshamaliza na arobaini."

Waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu kulia pale senta haipendezi. Fundi akasema ninunue nyingine. Nikasema ninayo nyingine, mpya, kavu, nyumbani.

"Sasa unangoja nini?"

Nilipokea pikipiki yangu nikaikokota kurudi.

Zikaanza siku za kiki. Pikipiki yangu ina mguu wa kiki, na fundi alisema kwa betri iliyokufa itawaka kwa kiki ukiwa na subira. Subira ninayo. Nilichokosa ni goti. Nina miaka arobaini na sita na goti la kulia limeshapiga magoti mengi, kanisani na wodini. Nilikuwa napiga kiki kumi na tano, ishirini, napumzika nikiegemea ukuta, napiga tena. Mvua ikinyesha udongo wetu wa mbuga unanata kama gundi, hapo hata kusukuma haiwezekani. Watu wakipita walinisalimia kwa adabu, shikamoo daktari, marahaba, na nikigeuka nasikia wanasema daktari leo tena anapigana na punda wake.

Mama mkwe aliyaona yote hayo. Alikaa kwenye kigoda chake barazani akinitazama napiga kiki, na nyuma yake mlangoni, juu ya kigoda kingine, betri mpya nayo imekaa. Hakusema neno. Mimi nikaona ndani ya ukimya wake lile neno alilomwitikia mwanawe, nikapiga kiki nyingine.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na siyo kwa kiki tu. Nilichoka kujibu "anakuja". Nilichoka kupika nikikadiria mtu ambaye huenda akatokea jioni. Nilichoka kuwa mke wa sauti ya simu. Lakini yule mama alikuwa na mtoto huyo mmoja tu aliyebaki hai, na matumaini yake yote alikuwa ameyafunika kwa kitambaa cha kufumwa. Nani angeyafunua? Nilijiambia goti langu litapona, moyo wake hautapona. Kwa hiyo nilivumilia kwa ajili yake, na kusema kweli wakati mwingine nilimchukia kwa hilo.

Kilichonifanya niamue ni siku ya chanjo. Nilikuwa nimewatangazia kina mama wa kitongoji kimoja wafike asubuhi mapema chini ya paa la kanisa lao. Nikapakia kisanduku, barafu imo, sindano zimo, nikaanza kiki. Kiki thelathini. Nikasukuma mpaka barabarani, nikapata watu wa kunisaidia kusukuma, ikawaka, ikazimika. Nilipofika jua lilikuwa kichwani. Chini ya paa lile palikuwa na mzee mmoja anafagia.

"Walikuja wengi," akaniambia. "Wengine wametoka ng'ambo ya mto. Walingoja, watoto wakawa wanalia njaa. Wameenda shamba."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilikaa kwenye benchi la kanisa na kisanduku mapajani, nikawaza kina mama wale wakitembea kurudi na watoto migongoni, wamengoja bure kwa sababu na mimi nangoja. Pale pale nikampigia mume. Nikamwambia betri imekufa kabisa, sasa nafungua ile ya akiba.

"Usiifungue," akasema haraka. "Vumilia kidogo. Nakuja mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani?"

Nilisikia mashine za kusaga mawe nyuma yake zinanguruma. Halafu akasema tena, kwa upole, vumilia kidogo, nikakata simu mimi. Ulikuwa uamuzi wa kwanza niliofanya bila yeye kwa miaka minne, na ulikuwa kubonyeza kitufe chekundu cha simu tu.

Wiki ile nilikwenda Ngokolo kumwona binti, na wakati wa kurudi nikapita dukani mjini. Ile chupa yangu ilikuwa imebaki nusu na imekaa wazi, fundi alinikataza kuitumia. Safari hii sikusema maji. Nilisema tindikali, kwa sauti, ya kuamshia betri kavu ya pikipiki, nikasoma lebo neno kwa neno muuzaji akinisubiri kwa uso wa mtu anayetaka kufunga duka.

Jumamosi asubuhi nikaandaa uwanja. Fundi alikuwa amenipa masharti: fanyia nje, mbali na jiko. Vaa glovu nzito za mpira. Weka ndoo ya maji safi karibu. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, na vyovyote vile usijiguse usoni mpaka umemaliza na umenawa. Nilikuwa nimechagua saa ambayo mama mkwe kwa kawaida anakwenda kuangalia karanga zake. Hakwenda. Alitoka na kigoda chake, akakiweka hatua chache kutoka kwangu, akakaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, ingawa tulishaamkiana.

"Mwangaluka."

Nikaingia ndani. Nikaondoa kitambaa, nikakikunja, nikakiweka juu ya kigoda. Nikalibeba boksi nje nikiwa nimejitayarisha kwa lolote: kwamba atasimama, kwamba atalia, kwamba atataja jina la mwanawe. Nilikuwa na maneno tayari. Ningemwambia habari za wale kina mama wa chanjo. Ningemwonyesha goti.

Nikaitoa betri kwenye boksi. Ilikuwa nyepesi, safi, haina hata mkwaruzo. Nikatafuta kile kizibo chekundu ili nikitoe kama fundi alivyonielekeza, maana wakati wa kuamsha ni lazima kitoke, la sivyo betri inavimba. Nikakigusa tu kikanidondokea mkononi. Kilikuwa kimeshakatwa. Kilikatwa kwa kisu, tena zamani, kikarudishwa kwa kubanwa tu. Na mfuniko mmoja wa juu ulikuwa na alama za meno.

Nikainua uso. Mama mkwe alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni mimi," akasema.

"Lini, mayu?"

"Mwaka ule uliokwenda Nyalugusu. Ulirudi peke yako. Ukasema anakuja." Akatulia akitafuta Kiswahili. "Ulisema anakuja, lakini macho yako hayakusema. Asubuhi ukaenda kazini, mimi nikafungua. Nilitaka kuona mwanangu ametuwekea nini humu ndani mpaka kisifunguliwe."

"Ukaona nini?"

"Pakavu. Hata minzi hamna. Nikacheka peke yangu. Nikafunika."

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya kazi. Nilivaa glovu, nikafungua mifuniko sita nikaipanga. Nikainamisha chupa, nikajaza chumba cha kwanza, cha pili, taratibu, nikiangalia mistari. Kimiminika kilikuwa kinashuka na kunywewa na yale mabamba, na ndani kukaanza kusikika kitu kama uji unaoanza kuchemka kwa mbali. Betri ikapata joto. Fundi alikuwa ameniambia kama hewa imeingia haitaharibika kabisa, itahitaji tu kuchajiwa zaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Kutwa nzima ilikaa kwake kwenye chaji, na ndiyo ninayotembelea hadi leo. Lakini asubuhi ile nilipaswa kwanza kuiacha itulie nusu saa. Nikakaa chini kwenye vumbi, mikono ikiwa mbele yangu kama mtu anayengoja kunawishwa.

"Kama ulijua pakavu," nikamuuliza, "mbona uliendelea kuipangusa? Miaka miwili, kila Jumamosi. Ukawa unawaambia wageni."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kwa ajili yako. Nilikuona unapiga kiki mpaka mguu unavimba na huifungui. Nikasema, huyu bado anamngoja. Nikiitoa pale juu, nitamvunja moyo."

Mguu wangu wote ule, viwiko vyake vyote vile vya kupangusa, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote wawili tulishalijua! Nilitaka kucheka. Nadhani nilianza kucheka.

Akajivuta na kigoda chake mpaka karibu nami. Alizungumza polepole, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, na aliyoyasema ninayaandika kama nilivyoyaelewa.

"Sikiliza, ng'wana wane, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Kumngoja ni kazi yangu, na sitachoka, maana nikiacha nitafanya nini kingine? Nitamngoja mpaka nife. Lakini wewe hukumzaa. Wewe uliolewa tu. Hii kazi niachie mimi."

Machozi yalinitoka yote kwa pamoja, ya miaka minne, na mikono yangu ilikuwa ndani ya glovu zenye tindikali, siwezi kujigusa usoni. Nikabaki nimeinua mikono hewani, nalia kama mtoto, pua inatoka. Mama mkwe akainuka, akashika pindo la kitenge chake, akanifuta macho, akanifuta pua, akanishika kidevu akanigeuza na upande wa pili akaufuta.